Hannes Alfvén na Mawimbi ya Jua

Wanafunzi wote wa shule hii wanayajua majina ya Newton, Faraday na Einstein, kwa kuwa yamo katika vitabu vyetu vya fizikia na huulizwa katika mitihani. Jina la Hannes Alfvén halijulikani sana kwetu, ingawa wataalamu wa Jua hulitaja kila siku. Nimependa kuandika habari za maisha yake katika gazeti letu la muhula huu kwa sababu bwana huyu alifanya jambo ambalo mimi naliona gumu kupita mengine yote katika sayansi. Alisema kuna kitu fulani ambacho hakuna mtu aliyepata kukiona. Akakikokotoa kwa kalamu na karatasi. Wenzake wakakataa kumwamini kwa muda wa miaka sita. Na chombo kimoja kilichofaa sana kukitazamia kilirushwa angani miezi minane baada ya yeye kufa.

Alfvén alizaliwa tarehe 30 Mei 1908 katika mji wa Norrköping, nchi ya Uswidi, kaskazini ya Ulaya. Mji huo ulikuwa na sifa ya viwanda vya nguo. Baba yake, Johannes, na mama yake, Anna-Clara, walikuwa madaktari wote wawili, na siku hizo wanawake madaktari katika Uswidi walikuwa wachache mno. Ndugu ya baba yake, Hugo Alfvén, alikuwa mtungaji wa muziki mwenye jina kubwa. Basi kijana huyu hakukulia katika umaskini, wala sitamsifu kwa taabu ambazo hakuzipata.

Vitu viwili vya utoto wake vilimshika asiviache. Cha kwanza kilikuwa kitabu cha elimu ya nyota alichopewa, kilichoandikwa na Mfaransa Camille Flammarion kwa ajili ya watu wa kawaida. Cha pili kilikuwa redio. Katika shule aliyosoma palikuwa na chama cha wanafunzi wa redio, naye akawa mtu wa mbele katika chama hicho, akiunda redio kwa mikono yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, redio zile zilimfaa kuliko kitabu. Mtu aundaye redio hujizoeza kufikiri juu ya mawimbi yasiyoonekana kama vile mvuvi anavyofikiri juu ya samaki walio chini ya maji: haoni kitu, lakini ajua wamo, na ajua wapi pa kutega.

Katika mwaka wa 1926 aliingia Chuo Kikuu cha Uppsala, na mwaka 1934 akapata digrii ya udaktari kwa uchunguzi wa mawimbi mafupi sana ya umeme. Mwaka uliofuata alimwoa Kerstin Erikson, wakajaliwa watoto watano. Katika mwaka wa 1940, kabla hajatimiza miaka 33, alifanywa profesa katika chuo kikuu cha ufundi cha mji wa Stockholm. Msomaji aangalie kwamba kazi yake ilikuwa elimu ya umeme, si elimu ya nyota. Jambo hili lilimletea matata maisha yake yote. Wanajimu walimwona kama mgeni aliyeingia uani pasipo kubisha hodi. Mwaka 1937 alisema kwamba nafasi iliyo kati ya nyota ina nguvu za sumaku, wakati ambapo karibu kila mtu aliamini kuwa nafasi hiyo ni tupu. Mwaka 1939 alitunga nadharia ya dhoruba za sumaku na ya nuru zinazoonekana usiku karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Jarida moja la Marekani likaikataa, kwa kuwa haikupatana na hesabu za wakubwa wa elimu hiyo. Ikambidi aichapishe katika karatasi za chuo cha wanasayansi wa Uswidi, ambazo nje ya nchi hiyo zilisomwa na watu wachache.

Sasa sina budi kumwacha kidogo Bwana Alfvén nieleze kitendawili cha Jua, maana bila hicho kazi yake haifahamiki.

Mwezi unapolifunika Jua lote, huonekana kulizunguka mwanga mweupe, laini kama manyoya, uliotawanyika pande zote. Mwanga huo huitwa taji la Jua, au korona. Siku nyingine hatuwezi kuuona, kwa sababu ni hafifu mara milioni kuliko uso wa Jua wenyewe. Wazazi watakumbuka kupatwa kwa Jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, watu wengi walipokusanyika Rujewa katika mkoa wa Mbeya. Siku ile Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukashindwa kulifunika Jua lote, ikabaki pete ya moto. Na mng'ao wa pete ile ulitosha kulificha taji. Lakini tarehe 3 Novemba 2013 Jua lilifunikwa lote kwa muda mfupi katika Uganda ya kaskazini na upande wa Turkana nchini Kenya.

Mwanga ukipitishwa katika kipande cha kioo chenye pembe tatu hugawanyika kuwa rangi, kama upinde wa mvua. Katikati ya rangi hizo huonekana mistari, na kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine, kama alama za vidole vya watu. Kupima mistari hiyo ndiyo kazi iitwayo spektroskopia. Basi tarehe 7 Agosti 1869 Jua lilipatwa huko Marekani, na wataalamu wawili, Young na Harkness, wakaona katika mwanga wa taji mstari mmoja wa kijani usiofanana na mstari wa elementi yoyote iliyojulikana duniani. Watu wakadhani wamegundua elementi mpya, wakaiita koroniamu. Kwa muda wa miaka 70 ikatafutwa isipatikane.

Aliyekifumbua kitendawili hicho alikuwa Mswidi mwenziwe Alfvén, aliyesoma Uppsala pia, jina lake Bengt Edlén. Yeye hakutazama Jua. Alikaa maabara akipiga cheche kali za umeme ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote, akaichunguza miale ya urujuanimno iliyotoka katika cheche hizo, yaani miale iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani, ambayo jicho haliwezi kuiona na hewa huimeza. Kutokana na vipimo vyake, na dokezo la Mjerumani Walter Grotrian la mwaka 1939, akathibitisha kwamba mstari ule wa kijani si wa elementi mpya hata kidogo. Ni wa chuma! Ni chuma hikihiki cha majembe na misumari, ila kimepokonywa elektroni 13 kati ya 26 zake. Na ili chuma kipokonywe elektroni nyingi hivyo, sharti joto lipite nyuzi milioni moja. Alfvén naye, kwa njia nyingine, alikwisha andika mwaka 1941 kwamba taji lina joto kubwa la namna hiyo.

Hapo ndipo wataalamu walipopigwa na bumbuazi. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Sentigredi. Ukipanda juu yake, ungetazamia joto lipungue, kama vile mtu anavyoona baridi akisogea mbali na jiko la mkaa. Katika Jua mambo ni kinyume: ukienda mbali na jiko, unaungua mara mia mbili zaidi. Ni kitu gani kinachochukua nguvu kutoka chini na kuipeleka juu, kikapita bila kuunguza katikati?

Jibu la Alfvén lilikuwa wimbi. Kwanza nitaeleza wimbi lenyewe, kwa kuwa si la sauti wala si la mwanga.

Jua si gesi ya kawaida. Joto lake huzipasua atomu, elektroni zikatengana na viini, na gesi yote ikawa kitu kinachopitisha umeme kama waya. Gesi ya namna hiyo huitwa plazima. Tena Jua ni sumaku, na nguvu zake za sumaku huweza kuchorwa kama mistari inayotoka mahali pamoja katika uso wake, ikapinda juu kama upinde, ikarudi kuingia mahali pengine. Alfvén aliona kwamba plazima inayopitisha umeme vizuri haiwezi kuiacha mistari hiyo. Vimeshikana kama shanga na uzi: ukivuta uzi, shanga zinafuata, ukisukuma shanga, uzi unapinda. Basi fikiri kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa kati ya miti miwili nyuma ya bweni. Ukiipiga fimbo upande mmoja, utaona kigongo kinakimbia juu ya kamba mpaka upande wa pili. Kamba yenyewe haikuhama, ila nguvu ya mkono wako imefika kule. Kamba ikikazwa zaidi, kigongo hukimbia zaidi. Kamba ikiwa nzito, huenda polepole. Mistari ya sumaku ya Jua ndiyo kamba, na plazima iliyoshikamana nayo ndiyo uzito wake. Ukali wa sumaku na uzito wa plazima vikijulikana, mwendo wa wimbi hupatikana kwa hesabu fupi. Katika taji mwendo huo hufika kama kilomita 1,000 kwa sekunde.

Haya yote aliyaandika katika makala mafupi sana, yaliyotoka katika jarida la Nature la Uingereza tarehe 3 Oktoba 1942, wakati Ulaya imo katikati ya vita kuu.

Hakuna aliyeyajali. Na tusiwacheke wataalamu wale upesi, maana sababu yao ilikuwa na nguvu. Tangu zamani za Maxwell, miaka ya 1860, ilijulikana kwamba wimbi la umeme na sumaku haliwezi kupenya kitu kinachopitisha umeme. Yeyote anaweza kujaribu kwa kuifunika redio ndogo ndani ya debe la bati lenye kifuniko. Matangazo yatafifia au kupotea. Sasa huyu Mswidi asema wimbi la umeme na sumaku lasafiri ndani ya Jua, kitu kinachopitisha umeme kuliko debe! Walimwambia kwamba kama mawimbi hayo yangekuwako, Maxwell mwenyewe angeyagundua. Kosa lao lilikuwa kusahau kwamba debe ni gumu na halitikisiki, bali plazima huchezacheza pamoja na sumaku. Maxwell hakuwa na haja ya kufikiri habari za kipitisha umeme kinachotiririka.

Katika mwaka wa 1948 Alfvén alialikwa Marekani kutoa mihadhara, na siku moja akasema habari za mawimbi yake katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kati ya wasikilizaji alikuwako Enrico Fermi, Mwitalia aliyeunda tanuri la kwanza la nguvu za atomu, ambaye heshima yake katika fizikia ilikuwa kubwa kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba mhadhara ulipokwisha, Fermi alitikisa kichwa kukubali, akasema ni dhahiri kwamba mawimbi hayo yapo. Tangu siku ile wataalamu wote wakasema kuwa ni dhahiri.

Jambo hili limenisumbua sana. Hesabu ya mwaka 1942 na hesabu ya mwaka 1948 zilikuwa ni zilezile, haikuongezwa tarakimu hata moja. Kilichoongezwa ni kichwa cha mkubwa kilichotikisika. Wenzangu kadhaa niliowasimulia walisema Alfvén alikuwa na bahati. Mimi naona alicheleweshwa bure miaka sita, na sijui ni wangapi wengine ambao Fermi wao hakutokea ukumbini.

Baada ya hapo uthibitisho ulipatikana hata maabara. Mwaka 1949 Stig Lundquist, Mswidi pia, aliitikisa zebaki ndani ya sumaku kali, akaliona wimbi likipita kama lilivyotabiriwa. Zebaki ni metali ya majimaji, nayo hupitisha umeme na kutiririka, kwa hiyo ilifaa kushika nafasi ya Jua katika chombo kidogo.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1947, Alfvén alikuwa amekwisha lirudia lile jiko lisilofuata kanuni. Uso wa Jua huchemka daima kama uji mzito. Mapovu yake yana upana wa kilomita 1,000 hivi, na kila moja hudumu dakika chache tu, kisha huzama na lingine kuzuka. Mistari ya sumaku imesimama katika uji huo. Mapovu yanapoisukumasukuma miguu ya mistari, mawimbi hupanda juu, yakapita katika tabaka za chini, na yakifika katika taji huvunjika na nguvu yao hugeuka kuwa joto. Ndivyo alivyosema. Ilikuwa nadharia nzuri, tena rahisi. Ilibaki mtu aende akayatazame mawimbi hayo katika Jua lenyewe, na hilo halikuwezekana kwa miaka mingi.

Miaka iliyofuata Alfvén alikuwa mtu mashuhuri, lakini hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kwao Uswidi aliishauri serikali juu ya nguvu za atomu, wakagombana, na mwaka 1967 akaihama nchi. Alikaa muda mfupi katika Urusi ya Kisovyeti, kisha akaenda kufundisha San Diego, California. Baadaye akawa akigawa mwaka wake kati ya Marekani na Uswidi. Mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Mfaransa Louis Néel. Tangu mwaka huo mpaka 1975 aliongoza chama cha Pugwash, kilichokusanya wanasayansi wa nchi za mashariki na magharibi wapate kuzuia vita vya atomu. Hata hadithi aliandika, kwa jina la kujificha la Olof Johannesson: ni habari ya mashine kubwa za kompyuta zinazoishia kuitawala dunia. Aliitoa mwaka 1966!

Si yote aliyosema yaliyokubaliwa. Alipinga maisha yake yote nadharia ya kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko mkuu, na katika hilo wataalamu walio wengi hawakumfuata, wala hawajamfuata hata leo. Tena katika hotuba yake ya Nobel aliwaonya watu wasiutegemee mno mfano wa shanga na uzi ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta, kwa sababu mahali pengine katika anga uzi hukatika na shanga zikatawanyika. Nilipolisoma hilo nilimpenda zaidi. Alifariki tarehe 2 Aprili 1995, umri wake miaka 86.

Tarehe 2 Desemba ya mwaka uleule chombo kiitwacho SOHO, kilichoundwa na watu wa Ulaya na Marekani, kilirushwa kwenda kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua, mahali ambapo hakuna usiku wala mawingu. Ndani yake kilikuwamo chombo cha spektroskopia ya urujuanimno kiitwacho SUMER. Kwa nini urujuanimno? Kwa sababu kitu chenye joto la nyuzi milioni hutoa miale ya aina hiyo kwa wingi, hali uso wa Jua, kwa kuwa joto lake ni dogo, hutoa kidogo sana. Kwa hiyo anayetazama kwa miale hiyo hana haja ya kungoja Mwezi ulifunike Jua. Taji lenyewe ndilo linalong'aa. Taabu ni kwamba hewa yetu huizuia miale hiyo (na ni heri, maana ingetuunguza), basi sharti chombo kiwe juu ya hewa.

SUMER haikuona mawimbi kwa kupiga picha za kamba ikitikisika. Ilitumia njia ya honi. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara kuu ameisikia honi ya basi: basi likija sauti huwa nyembamba, likikwisha pita sauti huwa nzito. Mwanga nao hufanya hivyo. Gesi ikija kwetu, mstari wake husogea kidogo upande wa urujuani. Ikienda mbali nasi, husogea upande wa wekundu. Basi chombo kilielekezwa mahali pamoja katika taji, kikapima mistari ya chuma kilichopokonywa elektroni 18 na 20, kinachopatikana penye joto la nyuzi zaidi ya milioni sita. Mstari ukaenda huku, ukarudi kule, ukaenda tena huku, kila mara kidogo kuliko mara ya kwanza, mpaka ukatulia. Upinde mzima wa plazima, mrefu kuliko dunia yetu mara nyingi, ulikuwa ukicheza kama maji yaliyotikiswa ndani ya beseni! Habari hizo zilichapishwa kwanza mwaka 2002. Mwaka 2003 yakaelezwa matukio 27, yenye michezo 54 ya namna hiyo. Kwenda na kurudi mara moja kulichukua dakika 7 mpaka 31.

Mtu angetazamia niseme hapa kwamba Alfvén amethibitishwa. La. Walipopima vizuri wakaona mawimbi yale yalikuwa na mwendo mdogo, ya namna ya sauti inayokwenda na kurudi ndani ya upinde, si yale ya kamba. Chombo kingine, TRACE, kilichopiga picha kwa urujuanimno, kiliona mwaka 1998 pinde zikipepesuka kushoto na kulia baada ya mlipuko katika Jua. Hayo ni ndugu wa karibu wa mawimbi ya Alfvén, lakini wataalamu waliendelea kubishana kama yanastahili jina hilo. Wimbi lake halisi ni gumu kulikamata, kwa sababu halibani plazima wala haliongezi mwanga wake. Huipindua tu huku na huku.

Njia iliyobaki ilikuwa kutazama unene wa mistari. Fikiri mabasi mengi yakipiga honi kwa pamoja, mengine yanakuja na mengine yanakwenda. Sikio haliwezi kusema kama sauti imepanda au imeshuka, ila husikia sauti pana iliyochanganyika. Vivyo hivyo, mawimbi mengi yakipita mahali pamoja, mstari hausogei bali hupanuka. Mwaka 1973, wanaanga wa chombo cha Skylab walipolipima Jua kwa urujuanimno, ilionekana kwamba mistari ni mipana kuliko joto peke yake linavyoweza kuifanya. Kisha Wajapani, pamoja na Wamarekani na Waingereza, wakarusha Hinode mwaka 2006. Chombo hicho kilitazama sehemu za karibu na ncha za Jua, ambako mistari ya sumaku haipindi kurudi bali hunyooka kwenda angani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba ukipanda kutoka usoni mistari huzidi kupanuka, kama inavyotazamiwa wimbi linapoingia katika plazima nyepesi. Halafu, ukipanda zaidi, hupungua. Maana yake wimbi linakufa njiani, na nguvu yake inabaki palepale. Hesabu ya nguvu hiyo ilitosha kulipasha moto taji la sehemu zile.

Katika sehemu nyingine za Jua ubishi haujakwisha. Mtaalamu mwingine mkubwa, Mmarekani Eugene Parker, alisema mwaka 1988 kwamba joto la taji hutoka katika milipuko midogo isiyohesabika, mistari ya sumaku inapokatika na kuungana upya. Wengi wanadhani sababu zote mbili zimo, ila hawapatani juu ya kiasi cha kila moja. Mimi nikiulizwa, kwa elimu yangu ya kidato cha nne, ningeegemea upande wa mawimbi, lakini siwezi kuficha kwamba nimeelekea huko kwa kuwa nimesoma sana habari za mwenye mawimbi.

Kuna mpaka mmoja katika anga, mbali juu ya Jua, ambapo upepo utokao humo huanza kukimbia kuliko mawimbi ya Alfvén. Ndani ya mpaka huo wimbi laweza kurudi Juani. Nje yake haliwezi tena. Mpaka huo umepewa jina la Alfvén. Tarehe 28 Aprili 2021 chombo cha Marekani kilichorushwa mwaka 2018 kiliuvuka kwa mara ya kwanza, kikiwa juu ya uso wa Jua kwa kilomita kama milioni 13, nacho kinaitwa kwa jina la Parker. Habari hiyo ilitangazwa mwezi wa Desemba mwaka huo, Bwana Parker angali hai, ana umri wa miaka 94. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo hicho kilikaribia zaidi, kikapita kilomita milioni 6.1 tu juu ya uso wa Jua.